Siku Kamba Anapofungua Mdomo

Haya vijana wangu, nyinyi mlioajiriwa juzi kwenye matangi ya kamba na kila siku mwanipigia simu, "Bi Time, mbona wanakufa?" Leo nimekaa kitako niwaandikie. Nimestaafu, goti la kushoto linanisumbua, miwani naitafuta huku nimeivaa. Lakini nikikumbuka zile saa chache viluwiluwi wa kamba wanapofungua mdomo, moyo bado unanidunda kama bibi harusi.

Sikilizeni, maana hili ndilo jambo lenyewe. Kamba akianguliwa hana mdomo wa kulia. Amebeba masurufu yake tumboni, kile kiini kilichobaki cha yai, na kwa siku moja na kitu hivi anarukaruka tu majini, hana haja na mtu. Kisha anajivua ngozi mara kadhaa, na mdomo unafunguka. Hapo, wanangu, hapo! Kabla ya chakula ulichompimia kwa kijiko, kinachotangulia kumwingia ni maji, na humo majini mna bakteria wasiohesabika, wazuri na wabaya. Wale watakaowahi kukaa kwenye utumbo wake, ule utumbo mwembamba kuliko uzi, ndio watakaoamua kama keshokutwa una kamba au una matope chini ya tangi. Miaka yangu yote ya kazi ilikuwa ni kugombania ile nafasi ya kwanza.

Mimi ni mtu wa Wawi, hapa Pemba. Kabla ya kamba nilikuwa nachoma vitumbua, na kwenye kituo cha kuzalisha kamba niliingia kufagia na kuosha ndoo. Mkuu wa kituo alikuwa Mwalimu Faki, mtu mfupi, mpole, mwenye sauti ya chini. Hakufundisha skuli hata siku moja, lakini kila mtu alimwita Mwalimu kwa sababu alikuwa hawezi kukupita bila kukueleza kitu. Wiki yangu ya pili aliniita kwenye hadubini, akasema, "Bi Time, hebu weka ufagio chini, utazame." Nikatazama. Nikamwona mdudu kama buibui wa kioo, moyo wake unapiga, nauona! Nilipiga ukelele, watu wakadhani nimeumwa na tandu. Tangu siku ile ufagio nilikuwa naushika kwa adabu tu, akili yangu iko kwenye matangi.

Sasa msinione mjuzi. Kosa langu la kwanza nilifanya kwa usafi. Nyuma ya matangi ya kamba wazazi palikuwa na pipa la kokoto, na maji ya matangi yalipita humo kabla ya kurudi. Zile kokoto zilikuwa na utelezi wa rangi ya udongo. Mimi nimelelewa na bibi aliyekuwa akikagua sufuria kwa nyuma, kwa hiyo kila nikipita pale roho ilikuwa ikinichafuka. Siku moja Mwalimu Faki alikwenda Wete. Nikalimwaga pipa zima, nikazisugua kokoto moja moja kwa sabuni ya unga na makumbi ya nazi, zikang'aa hata ungeweza kuzitia kwenye bakuli ukamwandalia mgeni.

Mwalimu Faki akarudi, akachutama, akaokota moja.

"Bi Time, kumbe umezisafisha?"

"Nimezisafisha, Mwalimu."

"Zote?"

"Zote. Na pipa ndani."

Alicheka mpaka akafuta machozi, na sikujua mara moja kuwa machozi mengine hayakuwa ya kicheko. "Mie nna wafanyakazi humu," akaniambia, "hawataki mshahara wala likizo, kazi yao kula uchafu wa kamba mchana kutwa. Na wewe umewafukuza wote kwa saa moja." Ule utelezi ulikuwa bakteria. Wiki nzima na zaidi nilibadilisha maji kwa ndoo, mgongo ukakoma, mpaka utelezi ulipoota tena. Nilipouona umerudi nikaupapasa kwa kidole, na kusema kweli niliufurahia.

Siku hizo maji ya viluwiluwi tulikuwa tunayaua. Tunatia klorini, tunasubiri, tunaitoa klorini kwa dawa yake, tunasema sasa maji safi. Safi kweli, hamna kitu. Lakini maji matupu ni nyumba iliyoachwa wazi, na wabaya wana mbio kuliko wazuri. Tukimwaga tone moja kwenye kisahani cha maabara chenye rojo la kijani, kesho yake tunakuta vidoa vya manjano vimejaa kama upele, na tukiviona hivyo twajua wabaya wameshawahi. Baadaye Mwalimu Faki alikwenda kwenye mafunzo, akarudi na mkoba, na ndani ya mkoba pakiti ya unga. Bakteria wazuri, wamelala. Kazi ni kuwaamsha, kuwalisha pumba za mpunga, na kuwatia tangini kabla viluwiluwi hawajafungua mdomo. Kabla, wanangu. Ukisubiri mdomo ufunguke umeshachelewa.

Aliponieleza namna ya kuwaamsha nikamkatiza: "Mwalimu, hii si hamira?" Akasema ni ndugu yake wa mbali. Basi nikapewa kazi hiyo mimi, mchoma vitumbua, na jina la hamira likabaki pale kituoni mpaka leo.

Andikeni hili. Pumba zichekeche mara mbili kwa kitambaa cha nailoni, makapi yatawazibia viluwiluwi. Loweka kwa maji ya uvuguvugu, tia sukari guru kidogo, tia hamira, weka mpira wa hewa uchemke polepole, acha siku moja. Kisha nusa. Pua ndiyo kipimo cha kwanza, mashine baadaye. Ukisikia uchachu wenye utamu, kama unga wa vitumbua ulioumuka vizuri, hapo sawa. Ukisikia harufu ya soksi, mwaga, usinipigie simu. Chota maji ya juu, yale mazito kama tui, na mashapo mpe bata.

Na kwenye hadubini msitazame macho ya kiluwiluwi mkasema mazuri. Tazameni mkiani. Akiwa anakula vizuri, utumbo wake una mstari mweusi toka kichwani, na nyuma anaburura uzi mrefu wa choo. Mimi nimefurahia choo cha kamba kuliko choo cha wanangu wa kuwazaa, na wanangu wanajua.

Basi ukaja mwaka ule wa karafuu nyingi. Mnajua inavyokuwa karafuu zikizaa, Pemba nzima haina mkono usiochuma au usiozichambua kutoka vikonyoni. Tukitoka kazini tunakwenda kuchambua, vidole vimekuwa rangi ya chai, karafuu zimeanikwa uwanjani, barazani, kando ya barabara. Mwaka huohuo stoo yetu ilivuja, gunia la pumba likapata unyevu. Nikalipakia mpaka kwangu Wawi nikazianika pumba uani, juu ya jamvi safi kuliko yote nyumbani mwangu, zikakauka, nikazirudisha kituoni kwenye ndoo za vifuniko. Nilijisifu kwa kazi ile.

Kundi la kwanza la viluwiluwi likafungua mdomo mchana. Jioni utumbo ulikuwa mweupe, hauna mstari. Asubuhi wamelala chini ya tangi. Kundi la pili vilevile. Visahani vya kijani vikajaa manjano. Huko Msuka kulikuwa na kina mama waliochimba bwawa kwa majembe yao wenyewe, wanasubiri vifaranga wa kamba kutoka kwetu, na kila siku kiongozi wao anapiga simu.

Sasa nifike kwenye lile linaloniuma. Palikuwa na Hamad, fundi wetu wa pampu na jenereta, mtu wa Shumba, makamo yangu, mkimya. Mikono yake siku zote ina mafuta ya mashine. Na mimi nikipandwa na hasira ulimi haunishiki. Nikasema mbele ya Mwalimu Faki na wote: "Mtu anashika dizeli kisha anatia mkono tangini kurekebisha mpira wa hewa, sisi twatafuta mchawi!" Hamad akasema, "Nnanawa, Bi Time." Nikamjibu, "Unanawa kama paka." Watu wakacheka.

Haikuishia hapo. Kulikuwa na harusi Wawi, na jikoni tulikuwa wanawake wa kila upande wa kisiwa, tunamenya vitunguu. Wakaniuliza kamba wenu vipi. Nikawaeleza kwa kirefu, kwa maigizo, namna Hamad wa Shumba alivyowaua kwa uchafu wa mikono. Walicheka sana, na mimi nikiona watu wanacheka naongeza chumvi.

Maneno yakafika ofisini kwa wakubwa. Mwalimu Faki akatuita, uso umemshuka. Kamba wazazi waliobaki walikuwa wa kutosha kutaga mara moja tu, akasema. Hilo kundi la tatu likifa kama wenziwe, Hamad ataondolewa kazini, barua imeshaandikwa. Hamad akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye jenereta lake.

Wiki hiyohiyo akaja Neema, mtaalamu wa maabara kutoka Mwanza, ametumwa kutuangalia. Msichana mrefu, mchangamfu, mara ya kwanza kufika Pemba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Kamba wetu wanakufa, lakini chai ipo."

Akazunguka na daftari lake. Akafungua ndoo ya pumba, akarudisha kichwa nyuma. "Mama, hizi pumba mnazitia karafuu?"

Nikacheka. "Karafuu? Karafuu zi wapi hapa?" Nikanusa. Pumba tu. Nikamwita Mwalimu Faki, akanusa. "Pumba hizi," akasema. Akaitwa Hamad, akatia pua mpaka ndani. "Mie sisikii kitu."

Neema alishika kiuno, akatutazama kama watoto. "Jamani! Nyinyi wenyewe mnanuka karafuu, wote. Tangu nimeshuka bandarini barabara yote inanuka. Hata hiyo chai mama aliyonipa. Mtazisikiaje hizi?"

Tukatazamana. Wanangu, nimekwambieni pua ndiyo kipimo cha kwanza, na pua zetu zote kisiwa kizima zilikuwa zimeshachoka!

Neema akachukua chupa mbili. Moja akatia pumba zangu, nyingine pumba mpya alizoagiza kutoka dukani Chake, zikachekechwa, sukari guru ileile, hamira ileile. Kesho yake asubuhi nikawahi kabla ya wote. Chupa ya pumba mpya ilikuwa inatoa povu, imeumuka, uchachu wake mtamu. Ya pumba zangu imetulia kama tope la kufinyangia chungu, utulivu ambao ndooni mpira wa hewa ulikuwa ukiuficha. Neema akatia tone la ile chupa yangu kwenye kikombe chenye viluwiluwi wachache waliozaliwa alfajiri ile, wa kundi la tatu. Wakapunguza mwendo, mmoja mmoja, wakazama.

"Wamelala," akasema. "Chuoni tunatumia mafuta ya karafuu kumlaza samaki tukitaka kumpima. Na ndooni, yakiwa makali, bakteria yanawaua. Hamira yenu haikuamka hata siku moja, mama. Watoto wamepewa pumba zenye usingizi, makali yakapungua majini, pumba zikaoza tangini, wabaya wakapata karamu."

Mimi nikawa nalitazama jamvi langu kichwani. Nililichagua kwa sababu hakuna kiatu kilichowahi kulikanyaga, hakuna mtoto aliyelalia. Lilikuwa safi hivyo kwa sababu ni jamvi la karafuu. Miaka yote lilianikiwa karafuu tu, na vumbi lake na mafuta yake yamo ndani ya kila ukili wa msuko wake, na pumba kwa kunyonya harufu hazina mfano.

Neema hakujua habari ya jamvi. Akasema, "Labda gunia lilikaa karibu na karafuu huko dukani."

Nikasema, "Labda."

Hilo neno moja nimelijutia kuliko matangi mawili yaliyokufa. Hamad alikuwa hatua nne kutoka pale, anafunga mpira wa hewa, mikono ameiosha mpaka imekwaruzika.

Lakini kazi ilikuwa haisubiri. Nikajiambia kwanza kundi hili liishi. Nikachota hamira iliyoumuka kwenye chupa nzuri, nikaiongezea pumba mpya kwenye ndoo, nikakaa nayo kama mtu aliyepika biriani ya wageni mia. Sikuchambua karafuu siku hiyo. Nilinawa kwa ndimu, nikabadilisha nguo, nikamwomba Neema aninuse, akanifukuza mara mbili. Jioni tukatia tangini, kidogo kidogo, midomo bado haijafunguka. Tuliwahi!

Kesho yake mchana nikatia tone kwenye kioo. Wa kwanza, mdomo umefunguka, utumbo mweupe. Nikasema, yamekwisha. Nikasubiri, nikachota mwingine. Nikaona alama ndogo kichwani, kama ncha ya kalamu ilipogusa karatasi. Nikachota tena baada ya muda, na mstari umeteremka mpaka katikati! Nikachota tena, na nyuma ya mkia, wanangu, uzi! Uzi wa choo, mrefu, unaburuzwa kama pindo la kanga! Nilipiga kigelegele mule maabara ambamo Mwalimu Faki alikataza hata kukohoa.

Wakaja mbio wote. Mwalimu Faki akatazama, akasema Alhamdulillahi mara tatu. Neema akarukaruka. Hamad akabaki mlangoni na sanduku lake la spana, maana alikuwa ameshakusanya vifaa vyake tayari kwa ile barua.

"Hamad," nikasema, "njoo utazame."

Akaja, akainama, akafumba jicho moja. "Wanakula hawa," akasema polepole. "Bi Time, wanakula!" Na akacheka. Sikuwahi kumwona mtu yule akicheka.

Hapo nikashindwa kunyamaza. Furaha ile na lile "labda" havikuweza kukaa pamoja kifuani mwangu. Nikasema, "Hamad, mikono yako haikuua kitu. Pumba nilizianika mimi, kwangu, kwenye jamvi la karafuu. Jana nimejua, nikanyamaza." Mwalimu Faki akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Neema akatazama chini.

Hamad hakunitukana. Heri angenitukana. Akafuta mikono kwenye suruali, akasema, "Nimekusikia, Bi Time. Mie yamekwisha. Lakini mama yangu huko Shumba kaletewa khabari kutoka harusini, na kaziamini. Tangu siku ile hali chakula nnachompelekea, asema mikono yangu imeharamisha riziki za watu. Kamwambie yeye."

"Ntampigia simu hivi sasa."

"Simu hapana. Yeye hakuambiwa kwa simu."

Nawaambia kwa haraka kwamba vifaranga walifika Msuka baada ya wiki tatu, wazima, na kina mama wale waliingia bwawani na nguo zao wakiimba. Barua ya Hamad aliichana Mwalimu Faki mwenyewe. Haya yote nayapenda kuyasimulia. Lakini safari ya Shumba ilikuwa kabla ya hapo, kesho yake tu baada ya kigelegele kile.

Mama yake Hamad, Bi Mkasi, nilimkuta uani na majirani watatu, wanachambua karafuu. Mwembamba, macho makali. Tukaamkiana kwa kirefu, hali zako, hali za watoto, hali za Wawi. Sikukaa. Nikamweleza, nimeinamisha kichwa: Hamad hana kosa, kosa ni langu, nilichoanika, nilichosema harusini, na yale niliyoongeza ili watu wacheke. Sauti ilikuwa ndogo, hata mimi nilikuwa najisikia kwa taabu.

Bi Mkasi hakuacha kuchambua. Akamaliza kikonyo alichokuwa nacho, akakitupa kwenye chungu ya makonyo, akaonyesha kwa kidevu mwanamke aliyekaa kando ya ukuta.

"Huyu jirani yangu sikio lake zito," akasema. "Na yeye ndiye aliyeniletea yale maneno. Sema tena."

Nikasema tena.

"Hajasikia."

Basi nikavua miwani, nikavuta pumzi, nikasema kwa sauti iliyowatoa watoto kwenye nyumba za pili, na kuku wakakimbia: "Hamad hakuua kamba! Kamba niliwaua mimi, Time wa Wawi, kwa mikono yangu, na Hamad nikamsingizia!"

Bi Mkasi akasogea kwenye mkeka, akaacha nafasi ya mtu mmoja, akamwambia mjukuu wake, "Katazame kile chakula alicholeta baba yako Hamad asubuhi, kama bado kipo, ulete. Nna njaa."